Mradi wa mwanafunzi kwa kitu anachokipenda, na adabu za mtandaoni humohumo: tunavyofanya huku Kigoma

Naandika hii kwa walimu wa klabu, walezi, kaka na dada wenye wadogo zao sekondari, na hata nyie wanafunzi mnaosoma kwa simu ya mama jioni. Mimi nipo Kigoma mjini, nasaidia klabu ya wanafunzi, na kila muhula tunafanya mradi ambao kila mmoja anachagua kitu anachokipenda mwenyewe, iwe mpira, kushona, samaki, meli, mapishi, Kiha cha bibi yake, chochote, anakifuatilia wiki nane halafu anakuja kukionyesha mbele za watu. Na humohumo ndio tunapitisha mambo yote ya kuishi vizuri mtandaoni.

Zamani tulikuwa na kipindi cha peke yake cha mtandao, usifanye hiki usifanye kile, watoto wanaitikia "ndiyo mwalimu" wakitoka pale wanaendelea kuforwadi kila kinachoingia. Ila mtoto akishapiga picha yake kwa kuamka alfajiri, halafu akute mtu kaichukua kaiweka status kama yake, siku hiyo ukimwelezea hakimiliki atakusikiliza mpaka neno la mwisho na maswali atakuuliza. Kwahiyo sheria moja ninayoishikilia kwenye mwongozo huu wote ni hiyo, kwanza mtoto awe na kitu chake, tahadhari zinakuja zikiwa na pa kukaa.

Vifaa ni vichache. Simu moja yenye kamera inayoeleweka, kaunta buku moja kwa kila mwanafunzi au kila kundi la watatu, bando kidogo, na mtu mzima ambaye hachoki haraka. Simu iwe ya mwalimu au mlezi, maana shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kubeba simu na mradi sio kisingizio cha kuwaingizia watoto kesi. Kazi za simu tunazifanya Jumamosi au likizo.

Hatua ya 1: ruhusa, kabla hata ya kuwaambia watoto

Nenda kwa mkuu wa shule kwanza, mwambie ni nini, siku gani, simu ya nani, picha zitaenda wapi. Akikataa kitu kimoja, mfano kupost nje, kubali, mradi unaweza kuishia kwenye karatasi na bado ukawa mzuri sana.

Kisha wazazi. Barua iwe fupi na ya Kiswahili cha nyumbani, isemwe mtoto atafanya nini, nani atakuwa naye, picha ya mtoto mwenyewe itatumika au haitatumika, na mzazi anaweza kubadili mawazo wakati wowote. Wengi huku wanaamkia mwaloni, pale boti za wavuvi zinaposhusha samaki, au sokoni, barua inarudi na sahihi ambayo hujui kaweka nani, kwahiyo pale unapoweza nenda mwenyewe, toa shikamoo, kaa kwenye kigoda, eleza. Dakika kumi za hivyo zimeniokoa mara nyingi.

Hatua ya 2: kukipata hicho kitu chenyewe

Hapa ndipo watu wanapaharakisha na ndipo mradi unapofia. Ukimuuliza mtoto "unapenda nini" atakujibu daktari, rubani, mwanasheria, kwa sababu anadhani unamuuliza atakuwa nani. Mimi nauliza hivi: ni kitu gani jana ulikuwa unafanya mpaka ukachelewa kwenda kuchota maji? Nyumbani kwenu wakikwama kwenye kitu gani wanakuita wewe? Ni jambo gani ukisikia watu wanaliongea vibaya linakukera mpaka unataka kuingilia? Halafu nyamaza. Kaa kimya kweli, usimsaidie jibu.

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili alikaa wiki mbili hasemi kitu, nilikuwa nimeshaanza kuwaza nimpe mada. Siku hiyo akasema kwa sauti ndogo, "mimi najua dagaa wa leo na wa jana kwa kuangalia tu jicho." Mama yake anaanika dagaa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma. Darasa likacheka, yeye akaendelea, akaeleza jicho linavyobadilika, tumbo linavyopasuka, harufu, na kwa nini wa mchangani wanauzwa bei ya chini kuliko waliokaushwa juu ya chanja. Kile kicheko kiliisha chenyewe. Mradi wake ukawa huo, dagaa wa mchangani na dagaa wa chanja.

Na hili la kumwachia mtoto achague sio jambo geni Tanzania. Jane Goodall, aliyekuja Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe (Gombe hapo juu tu, boti unapandia Kibirizi), mwaka 1991 alikaa na wanafunzi 12 wa sekondari barazani kwake Dar es Salaam, wakamweleza mambo yanayowasumbua kwenye maeneo yao. Ndipo ikaanza Roots & Shoots ambayo leo iko nchi nyingi duniani, na mpaka leo vikundi vyake vinachagua vyenyewe vifanye nini kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira. Nawaambia hivi watoto wa Kigoma kwa makusudi, wajue kitu kikubwa kilianzia kwa wanafunzi kama wao.

Mada ikishapatikana ipunguze. Mtoto akikwambia "Ziwa Tanganyika" mrudishe taratibu, hilo ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, kina mita 1,470, nchi nne zinaligawana, atazama humo. Mwambie achukue mwalo mmoja, samaki mmoja, fundi mmoja, meli moja. Swali moja linaloandikika mstari mmoja.

Hatua ya 3: kaunta buku

Ukurasa wa kushoto anaandika alichokiona au kukisikia, wa kulia anaandika kakitoa wapi, nani kasema, tarehe gani. Basi. Ukimzoesha hivyo wiki ya kwanza hutapata shida ya kuibia kazi za watu mbele huko.

Hatua ya 4: kutafuta na kuhakiki

Kama bando ni shida kuna programu inaitwa Kiwix, unashusha Wikipedia ya Kiswahili mara moja mahali penye intaneti nzuri, baada ya hapo inasomeka bila bando kabisa. Tumeiweka kwenye kompyuta ya shule na ndiyo inayotumika kuliko vyote.

Kuhakiki nafundisha kwa meli yetu. Kijana mmoja alichagua MV Liemba, babu yake alikuwa anasafiri nayo. Akaja na sentensi aliyoikuta mtandaoni kwamba Waingereza waliizamisha vitani. Nikamwambia katafute wengine watatu wanasemaje, na kila mmoja uandike. Akarudi ameshtuka: meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande ikafungwa kwenye makasha, ikaletwa ikaungwa hapahapa Kigoma na kuteremshwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen, na walioizamisha Julai 1916 ni Wajerumani wenyewe wakati wanakimbia, tena walipaka injini grisi nyingi ili isioze. Waingereza ndio walioiibua 1924 na ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Yaani sentensi moja ilikuwa imegeuza kisa chote, aliyezamisha na aliyeibua wamebadilishana nafasi. Baada ya hapo sikuhitaji kumweleza kwa nini tunahakiki.

Na waambie pia kuna mambo vyanzo vyenyewe havikubaliani. Stanley na Livingstone kukutana Ujiji, kwingi utakuta 10 Novemba 1871, wengine wanasema ni mwishoni mwa Oktoba kwa sababu Stanley alipoteza hesabu ya siku njiani. Mwanafunzi aandike zote mbili na aseme nani kasema ipi, hiyo ni kazi nzuri kuliko kuchagua moja kwa kubahatisha.

Meseji za magrupu ziwe zoezi la peke yake. Mwaka 2024 ziwa lilipopumzishwa uvuvi, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwenye magrupu yetu ziliingia tarehe za kila namna na sababu za kila namna, na familia zinazokula kwa ziwa zilikuwa zinahangaika kweli. Chukua meseji kama hizo, futa namba na majina, wape watoto waulize: nani kaandika, lini, tangazo la serikali liko wapi, na kama ni picha basi muitafute kwa Google Lens muone ilianza kuonekana lini. Waonyeshe na vile vimshale viwili kule WhatsApp, maana yake ujumbe umeforwadiwa mara nyingi sana kabla ya kukufikia wewe, na ndio maana WhatsApp inakuruhusu kuupeleka mahali pamoja tu kwa wakati. Ukiviona, simama kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ipo, kusambaza taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha watu, faini yake haipungui milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote. Hii naitaja mara moja tu, sipendi watoto wajifunze kwa hofu.

Hatua ya 5: kupiga picha na kurekodi watu

Kwa miradi ya mwaloni angalieni mwezi kabla ya kupanga siku. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku na taa, mbalamwezi ikiwa kali hawaendi, kwahiyo mkipanga Jumamosi ya mwezi mpevu mtakuta mchanga mtupu na boti zimelala. Pangeni kwenye siku za giza na mfike mapema.

Kuomba ruhusa tunafanya mazoezi darasani kwanza, mmoja anakuwa mama muuza dagaa na anatakiwa akatae. Mtoto lazima ajifunze kukataliwa na kusema "sawa mama, asante" akaondoka. Yule binti alivyofika Kibirizi ilikuwa hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Mimi nasoma hapo juu, nafanya kazi ya shule ya dagaa wa chanja. Naomba kupiga picha mikono yako ukiwa unageuza, sura sitapiga kama hutaki. Itabandikwa shuleni, mtandaoni haitaenda mpaka nije nikuulize tena."
Mama akamwangalia, akaangalia simu. "Na mimi picha yangu nitaipata?"
"Utaipata."

Aliandika ile ahadi kwenye kaunta buku palepale akiwa amechuchumaa kwenye mchanga. Angalieni alivyosema vitu vitatu, ni ya nini, itaonekana wapi, na kwamba atauliza tena. Ruhusa ya kubandika ukutani sio ruhusa ya kupost, wengi wazima hawalijui hilo. Na tangu ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipite, sura ya mtu, jina lake, namba yake, ni vitu vya kuviheshimu hata kisheria.

Mkirudi, kabla picha haijaenda popote, ifungueni kubwa kwenye skrini na mwanafunzi aikuze kipande kwa kipande kuanzia kona ya juu kushoto kama anasoma. Kwenye ile picha ya mikono, ambayo wote tuliiona safi, tulikuta nyuma ukuta wa kibanda una namba ya simu imeandikwa kwa rangi, na pembeni kabisa mtoto wa miaka kama mitatu hana nguo anacheza na ndoo. Hakuna aliyewaona wakati wa kupiga. Binti akaikata picha ikabaki mikono na chanja, na kwa kweli ikawa nzuri kuliko ya mwanzo.

Vitu vingine vya kukagua: nembo ya shule kwenye sare, jina kwenye daftari, basi au bodaboda yenye namba. Na kwenye mipangilio ya kamera zimeni lokesheni kabisa, maana picha inabeba ndani yake mahali ilipopigwa. WhatsApp ukituma picha kawaida inaondoa hiyo taarifa, lakini ukiituma kama dokumenti ili isipoteze ubora inaenda nayo yote. Mwaka mmoja huko nyuma, kwenye shule moja nilikokuwa najitolea, picha ya watoto wakiwa na sare na majina yao yote matatu ilitoka kwenye grupu la wazazi ikaenda magrupu ambayo hatukuyajua, na kuna binti alianza kupigiwa simu nyumbani na mtu mzima. Hilo limenikaa moyoni na ndio sababu hatua hii siiruki hata muda ukiwa umeisha.

Hatua ya 6: akaunti

Akaunti za mradi ziwe za mtu mzima. WhatsApp na nyingi za hivyo zinataka uwe na miaka 13 au zaidi, msimdanganyie mtoto umri. Neno la siri liwe maneno manne yasiyohusiana, marefu, sio jina la shule na 123. WhatsApp wekeni uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na code inayoingia kwa SMS haisomwi kwa mtu yeyote hata akisema ni wa kampuni. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na meseji za "tuma kwa namba hii" peleka namba ya tapeli 15040. Watoto wanapenda sana kwenda kuwafundisha wazazi hii ya *106#, ipeni kama kazi ya nyumbani.

Hatua ya 7: kutengeneza kazi yenyewe

Bango, sauti, video ya dakika tatu, kijitabu, mwanafunzi achague. Muziki ndio mtego, kila mmoja anataka kuweka Bongo Fleva chini ya video. Wimbo ni jasho la mtu na tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Nawaambia warekodi sauti zao, mawimbi, injini ya boti, bibi akitwanga, ngoma ya klabu. Yule wa Liemba aliweka sauti ya babu yake akihesabu vituo vya meli mpaka Kasanga na hakuna aliyekumbuka muziki. Picha za kuchukua mtandaoni watafute zenye leseni ya wazi kama zile za Wikimedia Commons, na waandike jina la mpigaji chini yake.

Akili mnemba (AI) watatumia, mkatae mkubali. Sisi tumekubaliana hivi: unaweza kuiuliza ikupangie maswali au ikusahihishie herufi, lakini kila inachokuambia kuhusu Kigoma unakipeleka kwa mtu wa Kigoma anayekijua, na kwenye kaunta buku upande wa kulia unaandika uliiuliza nini. Mama wa Kibirizi kasahihisha majibu yake mengi tu.

Hatua ya 8: wakichekana na kutukanana

Itatokea. Mtu atamcheka mwenzake mada yake, itahamia kwenye grupu la mtaani na sticker itatengenezwa. Aliyeumizwa asijibu, apige skrinishoti yenye tarehe, ablock, aje kwa mtu mzima siku hiyohiyo. Wewe mtu mzima usianze kwa kuuliza "na wewe ulifanya nini", sikiliza kwanza, maana akijuta kukwambia hatarudi tena. Ikiwa ni jambo zito, vitisho, picha za mwili, mtu mzima anayemtaka mtoto, piga 116, ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, na polisi. Picha kama hiyo usiiforwadi kwa mtu yeyote hata kwa nia ya kuonyesha ushahidi. Aliyetengeneza sticker naye ni mtoto wetu, mkae naye, afute, aombe radhi ana kwa ana.

Hatua ya 9: siku ya kuonyesha

Chini ya mwembe, meza za darasani, wazazi waalikwe saa tisa wakitoka sokoni. Kila mwanafunzi asimame na kitu chake dakika tano na aulizwe maswali, hasa "umejuaje?" Kaunta buku liwe mezani wazi. Kama kuna kazi ya kwenda mtandaoni, iende baada ya siku hii, wenye picha wakiwa wameulizwa mara ya pili.

Halafu usafi. Picha zisizotumika zifutwe kwenye simu na kwenye kile kikapu cha vilivyofutwa, akaunti zitolewe kwenye kompyuta ya shule, WhatsApp angalieni vifaa vilivyounganishwa mvitoe vyote.

Na ahadi zilizoandikwa kwenye kaunta buku zipigiwe mstari mmoja mmoja. Tengeni hela ya kusafisha picha na nauli tangu siku ya kwanza, sisi tunasafishia studio pale Mwanga ya hapahapa mjini, kisha mwanafunzi mwenyewe ndiye anayepeleka. Binti alishuka Kibirizi na bahasha, mama akafuta mikono kwenye kanga kabla ya kuipokea, akaitazama muda, akamwita jirani yake, "njoo uone mikono yangu," na jirani akauliza mbona yeye hakupigwa. Muhula huu ameshawekwa kwenye orodha.